Vipepeo viwili vya rangi ya machungwa, nitavitofautisha namna gani?

Swali: Docta jambo. Niko Kadutu, nimepiga foto ya vipepeo viwili kwa maua ya parselle, vyote rangi ya machungwa, ncha ya mabawa nyeusi na alama nyeupe. Programu ya telefoni inasema vyote ni Danaus chrysippus, lakini mutoto wangu anabisha. Ni nani anasema kweli?

Jibu: Jambo mama, mutoto amekushinda. Foto ya kwanza njo Danaus, ya pili ni jike wa Hypolimnas misippus, na programu imedanganyika palepale ndege wanadanganyika. Danaus akiwa kiwavi anakula majani ya utomvu mweupe, sumu inabakia mwilini, ndege akimwonja mara moja hamrudilii. Misippus hana hiyo sumu, jike anavaa tu nguo za mwenzake.

Basi ile ncha nyeusi uiache, maana wote wako nayo, shuka kwa bawa la nyuma. Danaus jike iko na madoa meusi matatu katikati ya bawa, dume iko na manne, na lile la nne ni kubwa, ukiliangalia kwa upande wa chini utaona katikati ni jeupe, kile njo kifuko cha harufu ya kuvutia jike. Misippus iko na doa moja tu, tena haliko katikati, liko ukingoni kabisa, upande unaogusana na bawa la mbele. Kwa foto yako ya pili ni moja, hakuna ubishi. Tena ukingo wa bawa lake uko meno-meno kidogo, wa Danaus umelainika.

Usitegemee rangi hata siku moja: kuna Danaus wenye bawa la nyuma jeupe, na kuna misippus jike wanaoiga hata hao! Kukiwa na kadogo kenye vidoa vyeusi vingi vimetawanyika mpaka kwa shina la mabawa, ile inaweza kuwa Acraea encedon, naye ni wa mchezo uleule.

Ukipiga foto ingine usimfukuze eti afungue mabawa, mpige kwa ubavu akiwa amefunga, madoa yanaonekana vizuri tu. Na ukiona mweusi tii mwenye viduara vyeupe vitatu kila upande, pembeni vinang'aa rangi ya zambarau, huyo njo dume wa misippus, ijapokuwa hafanani na bibi yake hata kidogo.