Kustaki picha za nyota, kwa mnaoanza huku Mtwara na Lindi

Wadogo zangu mnaouliza natumia kamera gani, ni hizihizi mnazoziona kwenye maharusi, na lenzi ni ile iliyokuja nayo kwenye boksi. Kinachofanya Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota unaokatiza anga, ionekane vile kwenye picha zangu ni kustaki, yaani unapiga picha nyingi za anga lilelile halafu programu inapanga nyota juu ya nyota na kuchukua wastani, zile chengachenga zinafifia kwa sababu kila picha chenga zake zimekaa kivyake ila nyota ni zilezile. Picha 16 zinashusha chenga mpaka robo, ukitaka ifike moja ya nane inabidi upige 64, kwa hiyo 30 mpaka 40 zinawatosha kabisa, zaidi ya hapo mnakesha na mbu bure.

Ila shikeni hili, kustaki kunaondoa chenga tu, fokasi mbovu haiponi. Picha 40 zilizokosa fokasi zitakupa picha moja safiii iliyokosa fokasi. Kwa hiyo usianze kupiga hovyo. Zima otofokasi, elekeza kamera kwenye nyota kali, mimi napenda Antares ile nyekundu ya kundi la Nge, washa kioo cha nyuma, kuza mara 10, halafu zungusha pete ya lenzi polepole: nyota inakuwa duara, inasinyaa, inabaki kitone, ukipitiliza inaanza kunenepa tena, basi rudi kidogo. Hapo bandika selotepu kwenye pete na usiiguse mpaka asubuhi. Ile alama ya infiniti iliyochorwa kwenye lenzi msiiamini.

Setingi hazina maajabu. Lenzi ya milimita 18 kwenye kamera yenye sensa ndogo, watu wanazidisha 18 kwa 1.5 ya sensa wanapata 27, wanagawa 500 kwa 27 wanapata sekunde 18 na ushee za kila picha, mimi naona hapo ukikuza nyota zimeshakuwa vijiti, nendeni na 10 au 12. Lenzi ifunguke mpaka mwisho, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 1600 au 3200, faili RAW, yaani ghafi. Tumia taimeri usibonyeze kwa mkono, kusi ikivuma ninginiza begi kwenye stendi. Ukimaliza, funika lenzi na kifuniko chake upige nyingine 15 za giza tupu, programu inazitumia kuondoa madoa ya sensa, setingi zilezile, palepale nje, usisubiri ufike nyumbani maana zinatakiwa joto lilelile.

Kuna wanaotaka kununua ile mota ya kufuata nyota. Subirini kwanza. Inabidi uilenge kwenye ncha ya anga, pale nyota zote zinapoonekana kuzunguka, na huku kwetu ncha ya kusini iko kama nyuzi 10 tu juu ya upeo, mara nyingi imejificha nyuma ya minazi, na haina nyota kali ya kukuongoza. Wa kaskazini wana Polaris, nyota iliyo karibu na ncha yao, sisi hatuioni.

Msimu ni kuanzia mwezi wa tano mvua zikikata. Katikati ya mwezi wa sita, saa mbili usiku, ile sehemu nene ya Njia Nyeupe bado iko chini upande wa baharini, hapo ndo unaipata pamoja na minazi au ngalawa. Mwishoni mwa wa nane saa hizohizo iko karibu na utosi, kamera inaangalia juu kabisa, hupati cha kuweka chini na kichwa cha stendi dhaifu kinalegea. Wa tisa na wa kumi watu wanachoma mashamba, moshi mtupu. Kwa wa Mtwara mjini nendeni Msimbati, kusini kwake ni mdomo wa Ruvuma na Msumbiji, giza la kweli, Mikindani ukigeukia kusini mashariki taa za mji zinakuja usoni. Halafu kuna kitu hamtaambiwa na video za Wazungu: mnataka usiku usio na mwezi, na wavuvi wa dagaa nao wanautaka huohuo, wanawasha taa baharini upeo wote unang'aa. Lenga juu yao kidogo, au wachukue wawe sehemu ya picha. Na kama umejibanza kwenye mikorosho mwezi wa saba, alfajiri wakianza kupuliza salfa funga virago haraka, ule unga kwenye lenzi ni balaa.

Programu ni za bure, Sequator ya Windows, DeepSkyStacker, na Siril iliyopo hata kwenye Mac na Linux. Ukiwa na ardhi kwenye picha anza na Sequator, ina sehemu ya kugandisha ardhi isivutwe na nyota. Kabla ya kuziingiza pitia moja moja, yenye taa ya bodaboda au wingu toa. Likitoka tokeo la kijivu, giza giza, baya kuliko picha moja uliyoanza nayo, usifute, ndivyo linavyotokaga, hifadhi TIFF ya biti 16 ukalivute mwanga kwenye GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, kidogokidogo, vuta, angalia, vuta tena, na rangi ya zambarau mkiipunguza tutashukuru.