Peugeot 504 kuzima ikishapata moto

Kaka, umesema 504 yako huzima injini ikishapata joto na unataka kufungua kabureta (inayochanganya petroli na hewa); usiifungue bado. 504 inayozima ikishapata moto, kisha ikawaka tena baada ya nusu saa, mara nyingi shida ni koili (inayokuza umeme wa cheche) au kondensa (kikopo kidogo cha umeme kwenye distribyuta). Waya za ndani ya koili zikipata joto huachana, zikipoa hushikana tena. Ikizima tu, kabla haijapoa, chomoa waya mmoja wa plagi, utie plagi ya akiba, uilaze juu ya chuma cha injini, mtu apige stata. Shika plagi kwa koleo lenye mpira, na petroli iwe mbali. Cheche hakuna, au ni ya manjano na dhaifu? Badilisha kondensa kwanza, ndiyo rahisi, halafu koili. Ikiwa ya buluu na kali, shuku petroli kuchemka ndani ya bomba au pampu yake: funika pampu kwa kitambaa kilicholowa maji, ikiwaka umepata jibu. Yangu ilinizimia mara mbili njia ya Gede, kumbe kondensa. Ila kagua pia waya wa hasi wa betri. Hapa Malindi chumvi ya bahari huula polepole.