Maswali na majibu: Kibodi ya kuendeshea mashine ya CNC

Safari hii maswali mengi yamehusu kibodi inayokaa kando ya mashine ya CNC, yaani mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta. Ni ile kibodi inayosogeza mihimili (njia ambazo mashine hupita), kuanzisha kazi na kuisimamisha. Naanza na swali lililoletwa na wengi.

Nataka kibodi isiyo na waya ili nisimame karibu na kazi ninapotafuta sifuri, yaani mahali mashine inapoanzia kupima. Kuna ubaya gani?

Upo, na hauko kwenye kubonyeza kitufe bali kwenye kukiachia. Mach3, LinuxCNC na programu nyingine nyingi husogeza X na Y (kulia-kushoto na mbele-nyuma) kwa vitufe vya mishale, na Z (juu-chini) kwa Page Up na Page Down. Ukisogeza mfululizo, mhimili huanza kwenda unapobonyeza, na husimama pale tu kompyuta inapopata taarifa kwamba umeachia. Mawimbi yakikatika hapo katikati, au betri ikazimika, taarifa inachelewa au haifiki kabisa. Kidole umeshatoa, Z bado inashuka. Ukiandika barua, hitilafu hiyo hukuachia safu ya herufi unazozifuta. Hapa inavunja biti, yaani kifaa kinachokata, au inatoboa meza.

Mazingira ya karakana nayo yanaongeza tatizo. Inveta ya mota ya kukatia, yaani kifaa kinachoendesha kasi ya mota hiyo, inavuruga mawimbi, na matundu ya USB 3 yanajulikana kuingilia masafa ya 2.4 GHz yanayotumiwa na kibodi nyingi zisizo na waya. Ushauri wangu ni waya. Kama huna njia nyingine, weka programu isogeze kwa hatua: kila bonyezo moja milimita 1, na unapoikaribia kazi, milimita 0.1. Taarifa ikipotea katika mpangilio huo, unachokosa ni hatua moja tu. Mimi ningefanya hivyo kwenye milimita za mwisho hata kibodi ikiwa ya waya.

Esc inasimamisha programu yangu vizuri. Bado nahitaji swichi ya dharura?

Unaihitaji, na katika hili silegezi kamba. Amri ya Esc hupita kwenye kibodi, waya, mfumo wa kompyuta, kisha programu. Kimoja kikiganda, huna breki. Hata dirisha jingine likiwa limejitokeza mbele kwenye skrini, kitufe chako kinaweza kwenda huko badala ya kwenye mashine. Weka swichi nyekundu yenye kichwa cha uyoga juu ya msingi wa manjano, inayobaki imejifunga ikishabonyezwa, na waya zake zikate nguvu ya mota bila kupitia kompyuta. Iwe mahali ambapo mkono unafika bila kuvuka juu ya biti.

Karakana yangu ina unga wa mbao, na siku nyingine nakata alumini kwa mafuta. Ninunue kibodi ya aina gani?

Tazama alama ya IP, inayoonyesha kifaa kinavyozuia vumbi na maji. Kwenye IP65, tarakimu 6 ina maana vumbi haliingii kabisa, na 5 kwamba inahimili maji yanayorushwa kwa mpira wa maji. Kibodi ya silikoni inafaa sana kwa unga wa mbao, maana unaipangusa na kuendelea. Ila mafuta yatokanayo na petroli huivimbisha silikoni taratibu, kwa hiyo kwenye mafuta isiwe chaguo la kwanza. Vipande vya alumini vina hatari yake: vinapitisha umeme, na kikiingia kimoja chini ya vitufe kinaweza kuunganisha visivyopaswa kuungana.

Zipo kibodi bapa zilizofunikwa plastiki moja juu, na uchafu hauziingii. Kasoro yake ni kwamba kidole hakihisi kilipo, wakati macho yako yanatakiwa yawe kwenye biti. Bandika alama zilizoinuka kwenye vitufe vya mishale na vya Z. Kwa karakana ndogo, bado napendelea kibodi ya kawaida ya waya yenye kifuniko chembamba cha plastiki, na nyingine ya akiba kabatini. Ikifa, unabadilisha na kazi inaendelea.

Vipi kibodi ndogo ya namba pekee?

Nzuri, maana vitufe vichache hupunguza kubonyeza kwa bahati mbaya. Angalia Num Lock tu: ikiwa imezimwa, 4, 6, 8 na 2 ni mishale, 9 na 3 ni Page Up na Page Down, ikiwashwa zote zinarudi kuwa namba. Ukipata inayoweza kupangwa upya, ondoa utata huo kabisa, na amri ya kuanzisha kazi iweke mbali na mishale, ikiwezekana idai vitufe viwili kwa pamoja.

Kibodi gani inafaa kwa mtu anayevaa glavu?

Vua glavu kwanza. Biti inayozunguka ikinasa glavu, inavuta na mkono.

Kibodi yangu ya waya hupotea kila mota inapowashwa. Ni mbovu?

Huenda ni nzima. Jaribu waya mfupi, USB 2.0 imewekewa ukomo wa mita 5, na kuunga viendelezi kunaleta shida mapema. Chagua waya wenye ngao (tabaka la chuma linalozuia mwingiliano), uvishe pete ya feriti, inayopunguza mwingiliano huo, karibu na kompyuta, na usiulaze sambamba na kebo ya mota. Pakilazimu kukutana, zipishane kwa pembe mraba. Ikiendelea kupotea hata baada ya hayo, acha kununua kibodi. Kagua waya wa ethi (unaopeleka umeme ardhini) wa inveta, na uhakikishe ngao ya kebo ya mota imefungwa kwenye ethi hiyo.