Kabla ya kuvalisha Aqua kava za viti, tafuta tundu la hewa la betri

Usilipeleke gari hilo kwa mshona kava Jumamosi kabla hujajua tundu la hewa la betri liko wapi. Mengine uliyouliza yanaweza kusubiri wiki nzima, hili haliwezi. Umeandika kwamba umetoa bandarini mwezi uliopita Toyota Aqua ya mwaka 2014, gari la haibridi, yaani linalotumia injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, kwamba inakupa kilomita 18 kwa lita wakati muuzaji alikuahidi 37, ukauliza kama uendeshe kwa gia ya B mjini, utumie petroli gani na ununue betri gani ndogo ya volti 12. Kisha, katika sentensi ya mwisho, ukataja kana kwamba ni jambo dogo kuwa fundi atavivalisha viti vyote kava za ngozi mpaka sakafuni ili mtoto asivichafue. Mkuu, sentensi hiyo ya mwisho ndiyo itakayokugharimu kuliko hizo kilomita unazozililia.

Kuhusu 37, nitasema kwa kifupi. Namba hiyo ipo kweli katika vipeperushi vya Japani vya Aqua za kuanzia mwishoni mwa mwaka 2013, na ilipatikana kwa kipimo kilichoitwa JC08, ambamo gari huwekwa juu ya rola maabarani na kuendeshwa kwa takriban dakika 20, kwa mwendo wa wastani wa kilomita 24 kwa saa, bila kuvuka 82. Hakuna foleni ya Ubungo ndani ya kipimo hicho, wala jua la Februari. Gari hilohilo liliuzwa Marekani kwa jina la Prius c, na kipimo rasmi cha huko cha mwaka 2012 kililipatia maili 50 kwa galoni, yaani kilomita 21 hivi kwa lita, ukichanganya mjini na barabara kuu. Jipime kwa hiyo. Ukipata 18 Dar es Salaam kiyoyozi kikiwa kimewashwa, hujauziwa gari bovu. Tena kipimo hicho cha Marekani kililipatia maili 53 mjini na 46 barabara kuu, kwa sababu haibridi hujilipa pale unapokanyaga breki na kusimama mara kwa mara. Muuzaji anayekwambia usubiri mpaka uende Morogoro ndipo uone maajabu hajui anachokiuza.

Sasa tuje kwenye betri. Betri kubwa ya Aqua imelazwa chini ya kiti cha nyuma. Ina moduli 20, yaani vifurushi vya seli, za aina ya nikeli, kila moja ikiwa na volti 7.2, jumla volti 144. Prius ya kizazi cha tatu, haibridi nyingine ya Toyota, kama niliyo nayo mimi, ina moduli 28 zinazofikisha volti 201.6. Moduli hizi hupata joto kila zinapochajiwa na kila zinapotoa umeme, na katika foleni kazi hiyo haikomi: ukikanyaga breki zinapokea, ukiondoka zinatoa. Toyota hawakuzizungushia maji ya kuzipoza kama walivyofanya kwa injini. Waliziwekea feni inayovuta hewa kutoka ndani ya gari, hewa ileile unayoipumua wewe na mwanao, na kuipitisha katikati ya moduli. Mlango wa hewa hiyo ni tundu lenye vipande vya plastiki lililo kwenye kiti cha nyuma: katika Prius yangu liko ubavuni mwa kiti, katika Aqua liko chini. Wenye Axio na Fielder za haibridi nao wasijione wako salama, kwani betri yao iko chini ya kiti cha nyuma vilevile. Vitabu vya mmiliki vya magari haya vinaonya kwamba tundu hilo lisizibwe, lakini kitabu cha gari lililotumika Japani kimeandikwa kwa Kijapani, na mara nyingi hakifiki na gari.

Betri ikipata joto kupita kiasi, kompyuta ya gari huilinda kwa kupunguza umeme inaouruhusu kuingia na kutoka. Hapo ndipo mafuta yako yanapopotelea. Ukikanyaga breki, nguvu ambayo ingerudi kwenye betri inaishia kwenye diski za breki kama joto tupu. Ukiondoka kwenye taa za barabarani, injini inawaka mapema, kwa sababu betri hairuhusiwi kulisukuma gari peke yake. Unabaki na gari la petroli lililobeba betri kama mzigo. Na hiyo ndiyo hasara ndogo. Hasara kubwa ni kwamba joto linazizeesha seli, tena bila usawa, kwa kuwa zile za katikati hupata joto kuliko za pembeni, na moduli moja ikidhoofika inaiburuza betri nzima.

Gari langu lilivalishwa kava wiki ileile lilipotoka bandarini. Fundi aliyezishona alikuwa hodari, mshono umenyooka na pembe zimekaa sawasawa, na katika uhodari wake akalifunika tundu lile kwa ngozi na sponji, akaibana kwa pini ili isicheze. Nilimuuliza kwa mdomo wangu tundu lile ni la nini. Akanijibu kwamba ni la spika, na kwamba magari yote ya aina hiyo anayoyavalisha hulifunika. Sijamsamehe. Mtu asiyejua jambo ana haki ya kusema hajui. Hana haki ya kumtungia mteja jibu na kisha kupokea malipo juu yake.

Mwanzoni sikuona tofauti. Baadaye ulaji wa mafuta ukaanza kupanda polepole, na jioni, nikiwa katika foleni ya Kimara, nikawa nasikia mvumo mzito ukitoka nyuma ya kiti. Nilikwenda gereji inayojitangaza kuwa ya magari ya haibridi. Wakasema mvumo ni wa kiyoyozi na kwamba mafuta yanaliwa kwa sababu oili ya 0W-20 ni nyepesi mno kwa joto letu. Wakaimwaga, wakaweka 20W-50. Injini hii imebuniwa kwa oili nyepesi. Oili nzito huongeza msuguano ndani yake, kwa hiyo mafuta yakaliwa zaidi kuliko kabla sijawalipa. Huo mvumo walioupuuza ulikuwa feni ya betri ikizunguka kwa kasi yake ya mwisho, ikivuta hewa kupitia ngozi. Haya si mambo ya siri. Aliyeandika haibridi kwenye bango lake alipaswa kuijua sauti hiyo kama muuguzi anavyoijua kikohozi cha pumu.

Hatimaye pembetatu nyekundu ikawaka kwenye dashibodi nikiwa barabarani na gari likapungukiwa nguvu. Walipolipima kwa kompyuta likatoa msimbo P0A80, unaosema kwamba betri ya haibridi imechoka na inahitaji kubadilishwa. Pigo lenyewe lilianzia hapo, kwa hiyo soma sehemu hii kwa utulivu. Fundi mwingine, niliyeelekezwa kwake kwa sifa nyingi, alinishauri tusibadilishe betri nzima. Angetoa moduli zilizokufa pekee na kuweka nyingine alizozitoa kwenye gari lililogongwa, kwa bei iliyokuwa sehemu ndogo tu ya bei ya betri nzima, na akaniapia kwamba wateja wake wote wanatembea hivyo. Hakunieleza kwamba moduli zinafungwa mfululizo, umeme uleule ukipita katika zote, na kwa hiyo sharti zilingane uwezo. Ukiingiza mbili zenye umri tofauti na historia tofauti, zile dhaifu zinajaa upesi na kuisha upesi, zinapata joto kuliko wenzake, na baada ya muda taa inawaka tena kwa ajili ya moduli nyingine. Kulinganisha uwezo wa moduli moja baada ya nyingine kunahitaji vifaa na saa nyingi za kuchaji na kutoa chaji. Yeye alimaliza mchana mmoja.

Lakini hata hilo ningeweza kulivumilia. Kinachonichoma mpaka leo ni kwamba ili aifikie betri ilimbidi aitoe ile ngozi kwa mikono yake. Aliliona tundu lililozibwa. Aliiona feni, na mapanga yake yalikuwa yamevaa koti la vumbi na nyuzi za sponji. Kisha akarudisha kila kitu kama alivyokikuta, akaibana ngozi juu ya tundu kwa pini zilezile, akapokea fedha. Taa ilirudi kabla msimu wa joto haujaisha, na safari hii hapakuwa na cha kuokoa: nikalipa betri nzima, juu ya zile fedha za moduli. Mamilioni yaliyoingia humo yamemeza akiba yote ya mafuta niliyolinunulia gari hili.

Aliyefunga betri hiyo ya mwisho alikuwa mtu wa maneno machache. Kabla hajashika spana alifungua mlango wa nyuma, akapapasa ubavu wa kiti, akaomba kiwembe, akaikata ngozi kuzunguka tundu lote. Baadaye akaifungua feni akaisafisha kwa brashi laini. Oili nayo akairudisha kuwa 0W-20. Tangu hapo Prius inanipa kilomita 19, wakati mwingine 20, kwa lita, katika njia zilezile na foleni zilezile, nikipima kwa lita ninazojaza kituoni, kwa sababu namba ya dashibodi mara nyingi hupenda kukusifu kuliko unavyostahili.

Kuna waliokwisha kukushauri uzime kiyoyozi ili uongeze kilomita. Wanakupoteza. Ni kweli kompresa inakula umeme, lakini betri yako inapozwa na hewa ya ndani ya gari, na gari lililofungwa vioo juani mchana huwa na hewa ya moto isiyoweza kupoza chochote. Ukifungua vioo kwenye barabara zetu za mitaani zisizo na lami, vumbi lote linafuata njia ya feni. Washa kiyoyozi kwa kiwango cha wastani, hewa izunguke ndani, na uhesabu mafuta hayo kuwa bima ya betri.

Gia ya B ni ya kukusaidia kushika mwendo kwenye mteremko mrefu kama Kitonga. Mjini tumia D. Na kwenye foleni usiweke N hata kidogo, maana ukiwa N betri haichajiwi hata injini ikiwa inazunguka. Kaa kwenye D, mguu juu ya breki.

Sasa fanya hivi. Ijumaa jioni chukua tochi, fungua mlango wa nyuma, piga magoti, utafute tundu hilo kwa macho yako. Zima gari kabla ya kugusa chochote. Kifuniko chake cha plastiki kinashikwa na vishikizo na hutoka kwa kuvutwa taratibu. Kama kuna kichujio nyuma yake, kitoe na ukisafishe kwa mashine ya kufyonza vumbi. Usipulizie upepo wa kompresa kuelekea ndani, kwa sababu utausukuma uchafu kwenye moduli. Gari lako lina umri wa zaidi ya miaka kumi na hujui aliyelimiliki Japani alifuga paka au mbwa, kwa hiyo usishangae ukikuta manyoya. Ishia hapo. Feni yenyewe mwachie fundi anayejua kuuzima umeme mkubwa, na nyaya zenye rangi ya chungwa usiziguse, zina umeme wa kuua.

Jumamosi, kama bado unazitaka hizo kava, mwambie fundi wazi kwamba kiti cha nyuma kinavalishwa sehemu ya kukalia na ya kuegemea tu, na kwamba ngozi inaishia vidole kadhaa kabla ya tundu, bila pindo linaloning'inia mbele yake. Akikwambia kwamba kava haitakaa vizuri, iache isikae vizuri. Akikwambia kwamba wengine wote wamefunika, mwonyeshe maandishi haya. Kiti cha mtoto kifunge upande wa pili, mbali na tundu, na begi lake la shule lisisukumwe kwenye kona hiyo, wala chupa yake ya juisi, kwa kuwa kinachomwagika hapo kinaelekea kwenye betri. Usimwachie fundi gari ukaenda kunywa chai. Simama naye mpaka amalize, kisha piga magoti tena na tochi yako, uhakikishe kwamba unaviona vipande vyote vya plastiki vya tundu hilo kabla hujatoa hata shilingi.