Sauti ikikatika hewani, sikiliza rekodi kabla ya kulaumu intaneti

Wiki tatu nzima nilikuwa nikimlaumu asiye na kosa. Kila nikiingia hewani, dakika chache tu meseji zinaanza kumiminika. "Sauti inakata." "Hatukusikii." "Ahaa, umerudi. Basi, umepotea tena." Jibu langu lilikuwa hilo hilo: mtandao. Nikapandisha kifurushi. Nikabadilisha ruta. Nikaing'oa ilipokuwa na kuileta mezani kabisa, karibu niikumbatie. Sauti ikaendelea kukata vilevile.

Siku akili iliponirudia nilifanya jambo la dakika moja ambalo lilitakiwa liwe la kwanza: niliyarekodi matangazo kwenye kompyuta ileile huku yakiendelea kwenda hewani. OBS, programu ninayorushia matangazo mtandaoni, inakubali kufanya yote mawili kwa pamoja. Nilipomaliza nikaifungua faili, na mapengo yote yalikuwemo. Faili ile haikupita kwenye ruta wala haikutoka nje ya nyumba. Mchawi nilikuwa naye mezani.

Siku hizi anayeniuliza namwambia asiguse kitu kabla hajarekodi. Rekodi ikiwa nzima na watu bado wanalalamika, shida iko mbele ya kompyuta: ruta, laini, seva, au simu ya msikilizaji mwenyewe. Rekodi ikiwa na mapengo, intaneti iache ipumzike. Itazame na picha pia. Laini ikielemewa, OBS hutupa kwanza fremu za video na kuiacha sauti ipite, na haina hasara kuipitisha, maana sauti ya kilobiti 128 kwa sekunde ni mzigo wa mtoto kando ya video ya kilobiti 4,500. Kwa hiyo picha ikitiririka vizuri na sauti peke yake ndiyo inayokatika, usikimbilie kugombana na watu wa intaneti. Mimi niligombana nao mara mbili, na hadi leo naona haya.

Nikakaa na ile rekodi na kalamu, naandika kila pengo lilipotokea. La kwanza dakika ya 3 na sekunde 12. La pili 4 na 59. La tatu 6 na 46. Hapo nikaiweka kalamu chini. Mtandao mbovu haufuati ratiba. Huu ulikuwa ukikata kila baada ya sekunde 107.

Nilikuwa na maikrofoni ya USB na mikisa ya USB, nimeziunganisha kwa programu ndogo ya kuchanganya sauti. Zote mbili nimeziwekea sampuli 48,000 kwa sekunde, yaani vipimo vidogo vya sauti, nikaona zimepatana. Kumbe kila kifaa kina saa yake ndani, na sekunde ya huyu si sekunde ya yule. Saa hizo zikipishana kwa sehemu 50 tu katika milioni, ni sampuli 2.4 kila sekunde. Bafa yangu, ile akiba ndogo ya sauti inayosubiri zamu yake, ilikuwa ya sampuli 256. Gawanya: inakauka kila baada ya sekunde 107 hivi, sauti inaruka, inajazwa upya, safari inaanza tena. Kabla sijaelewa nilikuwa nimejaribu kuiongeza bafa hadi 512, na mapengo yakaanza kuja kila dakika tatu na nusu badala ya mbili kasoro. Nikashangilia, nikidhani nimekaribia kupona.

Dawa ilikuwa kuachana na maikrofoni ya USB. Nikachukua ya waya wa XLR, ule wa maikrofoni za studio, nikaichomeka kwenye mikisa, na mikisa peke yake ndiyo ikaingia kwenye kompyuta. Kifaa kimoja, saa moja. Mapengo yakaisha usiku uleule.

Mapengo yako yakija ovyo bila mpangilio, mimi ningeanza na USB. Chomeka kifaa cha sauti moja kwa moja kwenye kompyuta, si kwenye kigawanyi kisicho na umeme wake, kisha izuie kompyuta kuzima matundu ya USB ili kubana umeme. Hakikisha pia mfumo wa kompyuta, kifaa na programu ya kurushia vyote vimewekwa 48,000, kisiwepo kimoja kilichobaki 44,100.

Na kama zinazopotea ni silabi za mwisho wa sentensi, hapo hakuna kilichoharibika. Ni kichujio kinachoifunga maikrofoni sauti ikishuka. Niliwahi kumhoji mgeni mpole, mtu wa kumalizia maneno kwa kunong'ona, na kichujio kikamla nusu ya kila jibu. Kishushe, au kizime kabisa. Kelele ya feni inavumilika kuliko mgeni aliyekatwa ulimi.

Ukishathibitisha kwamba rekodi ni safi, ndipo intaneti ishtakiwe. Tumia waya, si Wi-Fi. Pima kasi ya kupandisha, si ya kushusha, na uipime saa ileile unayotangaza. Mimi huwa sivuki nusu ya kile kipimo kinachosema, kwa sababu siku zote kuna simu mahali fulani inayoamua kuhifadhi picha zake mtandaoni katikati ya kipindi.

Juzi meseji ikaja tena: "Sauti inakata." Moyo ukaniruka. Nikaifungua rekodi, iko nzima. Nikawauliza wengine, wanasikia vizuri. Nikamuuliza mwenyewe kama anatumia hedifoni za bluetooth. Akakiri: yuko jikoni, simu ameiacha chumbani inachajiwa.