Mteja anaandika nini Google? Majibu kwa wenye tovuti Dar

Maswali haya yametoka kwa wafanyabiashara wa Dar es Salaam wenye tovuti zao. Tumeyafupisha na kubakiza kiini.

Nina karakana ya fanicha Keko. Ukurasa wangu wa mbele unasema "Samani bora kwa makazi na ofisi". Wanaonipata Google ni wale tu wanaolijua jina langu. Nianzie wapi, na sina hela ya kulipia programu?

Anzia kwenye WhatsApp ya biashara yako. Rudi nyuma miezi 3, unakili ujumbe wa kwanza wa kila mteja mpya kama ulivyo, pamoja na makosa yake ya herufi. Ukifikisha 100 inatosha. Kisha tafuta humo neno "samani", na jiandae kulikosa. Ni neno zuri, ila makazi yake ni nyaraka za zabuni. Anayehamia nyumba mpya huandika "sofa", "kochi", "kitanda 5 kwa 6", "kabati la nguo". Google itakuonyesha kwake ikiwa ukurasa wako unazungumza alivyozungumza yeye.

Tuchukue ujumbe mmoja wa kawaida: "Habari, sofa L bei gani na mnaleta mpaka Chanika?" Mna mambo matatu hapo: kitu, bei na usafiri. Basi ukurasa wako wa sofa L uyajibu yote matatu: bei inaanzia ngapi kwa mninga na ngapi kwa mbao nafuu, vipimo kwa futi, aina ya kitambaa, siku za kusubiri, nauli ya kufikisha Chanika, Tegeta au Kigamboni. Tafadhali usiandike "piga simu kujua bei". Aliyeandika "bei ya sofa L" ameuliza bei. Ukurasa usio na bei haujamjibu, na atarudi nyuma kubonyeza wa jirani.

Ukishamaliza WhatsApp, chukua simu, fungua dirisha la faragha (incognito) ili historia yako isiingilie sana, uandike "sofa" kwenye Google, uache nafasi, usibonyeze kutafuta. Soma mapendekezo yanayoshuka. Ongeza herufi moja moja: sofa b, sofa k, sofa z. Rudia ukianza na "bei ya sofa", kisha "jinsi ya". Teremka pia hadi chini ya matokeo, kwenye orodha ya utafutaji unaohusiana.

Yote yaingie kwenye jedwali lenye safu nne: maneno kama yalivyo, anachotaka mwandishi wake (kununua, kulinganisha, kujifunza au kujua mlipo), ukurasa utakaomjibu, na tarehe ulipouandika. Kazi kubwa ni kuunganisha mistari. "Bei ya sofa L", "sofa L bei gani" na "sofa za L shape" zote zinajibiwa na ukurasa mmoja. "Kubadilisha kitambaa cha sofa" ni ukurasa mwingine kabisa, kwa sababu huyo sofa anayo tayari, anachotafuta ni fundi.

Google Keyword Planner inaonyesha "keki ya kitchen party" haina watafutaji. Niachane nayo?

Usiachane nayo. Chombo hicho cha kukadiria watafutaji wa kila neno kilitengenezwa kwa ajili ya watangazaji. Kinatoa wastani wa mwezi, kwa kawaida wa miezi 12 iliyopita, tena wa kukadiria. Akaunti isiyolipia matangazo huonyeshwa mafungu tu, kama 100 hadi 1,000, kwa hiyo neno la watu 120 na la watu 900 yanaonekana sawasawa. Maneno yenye watafutaji wachache hayaonekani kabisa, ilhali Google wenyewe wamesema kwa miaka mingi kwamba takriban 15% ya utafutaji wa kila siku haujawahi kuonekana kabla.

Kiswahili chetu kinaongeza tatizo. Kuna anayeandika "keki ya kitchen party", mwingine "keki za kitchen pati", mwingine "cake ya kitchen party". Kila mstari peke yake ni mdogo, lakini mtu anayetafutwa ni mmoja. Jumlisha mistari kabla ya kuamua.

Kagua na mambo mawili ambayo wengi huyakosea. Kwanza eneo: hakikisha limewekwa Tanzania, la sivyo maneno tunayotumia pamoja na Wakenya yatakuletea hesabu isiyokuhusu. Pili, safu ya ushindani inapima watangazaji wanaogombea nafasi za kulipia. Haisemi lolote kuhusu ugumu wa kupanda bila kulipia, na tunasikitika kila tunaposikia mtu ameona "juu" akakata tamaa. Na ukitumia Google Trends, inayoonyesha neno linavyopanda na kushuka kwa muda, kumbuka namba zake za 0 hadi 100 ni uwiano: 100 ni kilele cha kipindi ulichochagua, si watu 100.

Ninatengeneza madirisha Tabata. Niandike Kiswahili au Kiingereza?

Andika kama wateja wako wanavyochanganya. "Madirisha ya aluminium bei" ni Kiswahili cha Dar, na kichwa cha ukurasa kiseme hivyo hivyo. "Alumini" itajitokeza yenyewe ndani ya maelezo. Ukiwa na wateja wa Kiingereza wa kutosha, wape ukurasa wao wenye anwani yake (URL), uunganishe kurasa hizo mbili kwa alama ya hreflang, inayoiambia Google ukurasa upi ni wa lugha ipi: sw kwa Kiswahili na en kwa Kiingereza. Usichanganye aya ya lugha hii na aya ya lugha ile kwenye ukurasa mmoja, wala usitegemee kitufe cha kutafsiri.

Nasaidia watu kusajili kampuni. Nimeandika ukurasa wa "BRELA ORS" na bado niko mbali. Kasoro ni nini?

Kasoro ni neno ulilochagua. Anayeandika "BRELA ORS" anataka mlango wa kuingilia kwenye mfumo wa mtandaoni wa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, basi. Hata ungeandika vizuri namna gani, wewe si mlango huo.

Kabla ya kuandika ukurasa wowote, tafuta neno lenyewe na usome matokeo 10 ya kwanza. Yakiwa ni tovuti za serikali, ondoka. Yakiwa makala za maelezo, andika makala. Yakiwa orodha za bei, weka bei. Kwa kazi yako, fuata maswali ambayo mtu hubaki nayo baada ya kufungua huo mfumo: tofauti ya jina la biashara na kampuni, katiba ya kampuni iandikwe vipi, gharama zote kwa jumla ni kiasi gani, kwa nini maombi yamerudishwa. Hilo la mwisho ni dhahabu, maana anayeuliza amekwama na anahitaji mtu leo.

Nimetengeneza kurasa 40: fundi AC Sinza, fundi AC Mbezi, fundi AC Mbagala, na kuendelea. Maandishi ni yale yale, nimebadilisha jina la mtaa tu. Sawa?

Hapana. Sera za Google zinahesabu kurasa za namna hiyo kuwa udanganyifu, na zinaweza kushusha tovuti nzima. Bakiza ukurasa mmoja imara wa huduma: gharama ya kuja kukagua, kujaza gesi, kusafisha, kufunga AC mpya. Mitaa iliyostahili ukurasa wake ni ile tu uliyo na cha kusema kuihusu: picha za kazi ulizofanya huko, muda wa kufika, nauli. Kurasa zilizobaki zielekeze kwenye ule mmoja kwa 301, yaani uelekezo wa kudumu unaompeleka mgeni kwenye anwani mpya. Kwa anayeandika "fundi AC karibu nami", kinachofanya kazi zaidi ni Google Business Profile, wasifu wa bure wa biashara yako kwenye Google na ramani zake, ambayo inakuruhusu kuorodhesha hadi maeneo 20 unayohudumia.

Neno lirudiwe mara ngapi kwenye ukurasa?

Hakuna idadi. Liwe kwenye kichwa cha ukurasa (kisizidi sana herufi 60, kikirefuka hukatwa), kwenye anwani na kwenye aya ya kwanza. Baada ya hapo andika kama unavyomweleza mteja dukani. Ile sehemu ya kujaza "keywords" kwenye msimbo iache wazi. Google walitangaza mwaka 2009 kwamba hawaitumii kupanga matokeo.

Tovuti ina mwaka mmoja na kurasa 30. Sasa nitafute maneno mapya wapi?

Ndani ya Search Console, chombo cha bure cha Google kinachoonyesha tovuti yako inajitokeza kwa maneno gani, ambacho huhifadhi takwimu za miezi 16. Fungua ripoti ya utendaji, chuja nchi iwe Tanzania, washa wastani wa nafasi, kisha bakiza maneno yaliyo kati ya nafasi ya 8 na 20. Yapange kwa idadi ya kuonekana. Hayo ni maneno ambayo Google imekubali kwamba yanakuhusu lakini hujayajibu vya kutosha. Soma ukurasa husika: mara nyingi swali limeguswa kwa sentensi moja, na linahitaji aya nzima yenye kichwa chake.

Bonyeza kila neno kubwa uone ni kurasa zipi zinazojitokeza kwalo. Zikiwa mbili zinazopokezana, zinanyang'anyana. Hamishia yaliyo bora kwenye moja, nyingine uielekeze huko. Kuna pia kichujio cha regex, kinachokuwezesha kutafuta maneno kadhaa kwa mpigo (alama ya | ina maana ya "au"): andika bei|gharama|shilingi, upate maswali yote ya hela kwa pamoja. Fahamu tu kwamba maneno yaliyotafutwa na watu wachache mno hufichwa kwa ajili ya faragha, hivyo jumla ya orodha itakuwa pungufu ya jumla ya ripoti.

Nauza sare za shule Kariakoo. Ukurasa niuandike lini?

Shule zinafungua Januari, wazazi wanaanza kuulizia Desemba. Ukurasa uwe hewani kufikia Septemba ili Google iwe na muda wa kuupima. Anwani yake iwe /sare-za-shule bila mwaka, ili kila msimu ubadilishe bei na saizi kwenye ukurasa ule ule badala ya kuanza upya na ukurasa usiojulikana. Trends ikisema data haitoshi, fungua vitabu vyako vya risiti vya misimu miwili iliyopita. Wiki ambayo risiti zilianza kuongezeka ndiyo wiki yako, nawe hesabu miezi 3 kurudi nyuma.