Maswali ya wasomaji: Sacchi angefua dafu leo?

SWALI: Mhariri, salamu kutoka Uyole, Mbeya. Nafundisha timu ya vijana ya mtaa. Wazee wa kijiweni wananishauri niige Milan ya kocha Mwitaliano Arrigo Sacchi, eti hakuna timu iliyokaba kama ile. Vijana wangu wanasema hayo ni ya kale, leo VAR (mwamuzi wa video) ingemuumbua. Nani mkweli? Na kama yanafaa, nianzie wapi? Nina wachezaji 18, mazoezi mara mbili kwa wiki.
*Kocha wa vijana, Uyole*

JIBU: Kocha, wazee wako wamepatia kwenye mazoezi yake, vijana wako wamepatia kwenye mtego wa kuotea (offside), yaani mabeki kupanda kwa pamoja ili straika abaki nyuma yao.

Sacchi aliichukua Milan mwaka 1987, akabeba ubingwa wa Italia msimu huohuo, kisha Kombe la Ulaya 1989 kwa kuichapa Steaua Bucharest 4-0, na tena 1990 kwa kuifunga Benfica 1-0. Walicheza 4-4-2, na kutoka beki wa mwisho hadi straika wa mbele walibanana ndani ya mita 25 hadi 30. Nyuma ya mabeki palibaki peupe, na aliyekimbilia huko mapema alinaswa.

Mtego huo ndio uliopoteza makali. Zamani mshambuliaji aliyelingana na beki alihesabiwa ameotea. Tangu 1990 kulingana si kosa. Mwaka 2005 likaja fafanuzi jingine: aliyeotea bila kuucheza mpira wala kumsumbua mpinzani aachwe. Straika anaweza kuzubaa nyuma ya mabeki akiwavuta macho, winga akachomoka kutoka mbali, na mchezo ukaendelea. Sacchi mwenyewe aliporudi Milan Desemba 1996, timu ilimaliza ligi nafasi ya 11. VAR hata isingemdhuru sana, maana mstari ulionyooka hauogopi picha. Kwenye ndondo za mtaani, ambako mshika kibendera ni jamaa wa timu mwenyeji, usitege kabisa.

Kukabia juu, yaani kumbana mpinzani karibu na goli lake, kwa upande mwingine, kumepata nguvu mpya. Enzi zile timu iliyobanwa ilirudisha kwa kipa, anadaka, presha imekwisha. Tangu 1992 haruhusiwi kudaka pasi ya mguu ya mwenzake. Halafu Sacchi alikuwa na nafasi mbili tu za kubadilisha wachezaji. Leo zipo tano. Tunaamini angefua dafu, ila mabeki wake wangejifunza kurudi nyuma mara nyingi zaidi.

Sasa ya Uyole. Mazoezi maarufu ya Sacchi hayakuhitaji mpira kuchezwa: kocha anaonyesha mpira ulipo, timu nzima inasogea kwa pamoja. Nunua kamba ya manila ya mita 26 na uongeze kidogo kwa ajili ya mafundo. Piga mafundo manne, yaachane mita 8, kila ncha ibaki na mita moja. Mabeki wanne washike kila mmoja fundo lake. Washike tu kwa mkono, wasijifunge kiunoni, maana mmoja akiteleza atawaburuta wote. Wewe simama mita 20 mbele yao na mpira mkononi, tembea kulia, rudi kati, nenda kushoto. Kamba isiburuzike chini, wala isikaze. Dakika 10 zinatosha.

Kosa utakaloliona mapema: mpira uko kulia, namba tatu bado anang'ang'ania mstari wa kushoto. Anatakiwa awe amesogea hadi karibu usawa wa nukta ya penalti.

Wakishazoea, weka viungo mita 10 hadi 12 mbele yao, na mastraika mbele zaidi. Wachezaji wawili wa akiba watembee nje ya uwanja na kamba ya mita 25, mmoja usawa wa beki wa mwisho, mwingine usawa wa straika. Ikikaza, piga filimbi, kila mtu agande alipo na ajionee pengo.

Wengi wanaoiga huharibu hapa: wanapanda kila wakati. Pandeni mpinzani anapoinamisha kichwa, anapogeukia goli lake au anaporudisha pasi. Akiwa huru na kichwa kiko juu, mabeki waanze kurudi kabla hajapiga. Mbeya mjini ni takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Dar es Salaam. Mpira mrefu unakwenda mbali kuliko beki aliyezoea pwani anavyotegemea. Anzeni mita tano chini zaidi, kipa asimame ukingoni mwa boksi.

Na msikabe dakika zote 90. Sacchi alikuwa na ukabaji wa aina tatu: wa kunyang'anya, wa kuchelewesha, na wa uongo, yaani mnafanya kama mnakwenda, kumbe mnavuta pumzi. Huo wa tatu vijana huudharau, na ndio watakaouhitaji dakika ya 70.

Milan walifanya mazoezi kila siku. Akiwa na timu ya taifa ya Italia, ambayo hukutana kwa siku chache, alifika fainali ya 1994 akapoteza kwa penalti mbele ya Brazil, lakini Euro 1996 aliishia hatua ya makundi. Kwa siku zako mbili, fundisha kamba na ishara za kupanda. Mengine yasubiri.

SWALI: Straika wangu anaongoza kwa mabao ila hataki kukaba. Nimuweke benchi?
*Msomaji, Iringa*

JIBU: Kwanza mwonyeshe. Kwa maelezo ya Sacchi, aliweka kipa na mabeki wanne dhidi ya washambuliaji kumi, nyota wake Gullit na Van Basten wakiwemo, kwa dakika 15. Mabeki wakinyang'anya, wale kumi wanaanza upya mita 10 ndani ya nusu yao. Halikuingia bao. Mpange straika wako miongoni mwa hao kumi. Akikataa hata baada ya hapo, benchi ni haki yake.

SWALI: Huku kwetu mvua haichoki. Kukabia juu kwenye tope kunawezekana?
*Msomaji, Tukuyu*

JIBU: Tena kunalipa, kwa sababu pasi za chini zinakwama. Kabla ya mechi zunguka uwanja, dondosha mpira kutoka kifuani kila baada ya hatua kumi. Pale usipodunda ndipo mumsukumie mpinzani. Kipindi cha pili mkibadilishana magoli, dimbwi hilo litakuwa mbele ya kipa wako: mabeki wasimrudishie pasi ya chini, wautoe nje.